Mwongozo kamili: kutunga wimbo kuhusu mzuka uliogoma kuja

Wimbo kuhusu kukosa wimbo umewashinda watunzi wengi, na karibu wote wanaangukia shimo lilelile. Demo, yaani rekodi ya majaribio, ni dakika tatu za mtu anayelalamika kwamba kichwa kimegoma. Vesi ya kwanza kalamu haiandiki, vesi ya pili kalamu bado haiandiki, na kiitikio kinauliza mzuka, yaani ule msukumo wa kutunga, uko wapi. Msikilizaji wa Mbagala aliyeamka saa kumi alfajiri kugombania daladala hana sababu ya kumwonea huruma mtu aliyekaa na daftari.

Kanuni ya kazi hii ni moja, na hatua zote zinaitumikia: usiimbe kwamba huna wimbo, imba unachofanya wakati wimbo haupo. Hali ya kukwama haina picha. Mtu anayefagia chumba mara ya pili saa nane usiku ana picha, na hata asiyewahi kutunga mstari mmoja anamjua mtu huyo.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu ya wino. Penseli hapana, maana inafutika, na utahitaji kuona ulichokikata.
- Simu yenye rekoda, na hedifoni za waya za bei yoyote.
- Programu ya metronomu kwenye simu, ile inayogonga mapigo ya mwendo. Za bure zinatosha.
- Biti (muziki wa kuimbia) moja tu, au usiwe nalo kabisa. Ukiwa na mabiti kumi utashinda unachagua na hutatunga.
- Mtu mmoja asiye msanii atakayesikiliza mwishoni. Mtafute sasa, usisubiri siku ile.
- Wiki moja hadi mbili. Anayetaka kumaliza leo usiku atarudi kwenye lile shimo.

## Hatua ya 1: Jua umekwama kwa nini

Kuna uchovu, kuna woga, kuna ukavu.

Uchovu ni ule wa kutoka kazini Kariakoo, umesimama kwenye mwendokasi mpaka Kimara, unafungua mlango saa tatu usiku na bado unadai mistari. Hapo hakuna cha kuchunguza. Lala.

Woga ni pale mistari inapokuja lakini unaikata kabla haijakauka wino, kwa sababu unamsikia fulani wa maskani anacheka. Ukavu ni pale ambapo hakuna kinachokuja kabisa, na hujui hata unataka kusema nini.

Pima hivi: washa rekoda, ongea dakika tano mfululizo kuhusu siku yako, kwa sauti ya kawaida, bila kuimba. Maneno yakitiririka lakini kalamu inagoma, ni woga. Maneno yakikata dakika ya pili, ni ukavu. Ukisinzia, jibu unalo.

Sababu ya kupima ni kwamba woga na ukavu huzaa nyimbo tofauti. Mwoga anaimba kuhusu wanaomtazama. Mkavu anaimba kuhusu anachokisubiri. Demo nyingi zinachanganya vyote viwili, ndiyo maana vesi ya kwanza inalia na ya pili inatukana wabaya. Chagua kimoja.

Kuna wanaotafuta mzuka kwenye chupa au kwenye msokoto. Sitahubiri. Sikiliza tu asubuhi ulichorekodi usiku ule, ukiwa na akili zako, uone kama kuna mstari hata mmoja unaoutaka.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja inayoanza na "Nimekwama kwa sababu" na usione haja ya kuongeza ya pili.

## Hatua ya 2: Kusanya vitendo, acha hisia

Kwa siku tatu, kila unapokaa kutunga na kisije kitu, andika mikono na miguu yako inafanya nini. Sentensi fupi, yenye kitendo ndani yake. Mfano:

- Nimefagia chumba kilichofagiliwa asubuhi.
- Nimeangalia nani ameona statasi yangu.
- Nimekwenda dukani kununua vocha na bando lipo.
- Nimehesabu misumari ya kenchi.
- Nimemjibu mtu niliyeapa kutomjibu.

Maneno haya yamepigwa marufuku kwenye orodha: mzuka, hisia, wazo, kalamu, kichwa, maumivu. Si kwamba ni mabaya. Ni kwamba yanakuja yenyewe, na linalokuja lenyewe kwako limekuja lenyewe kwa kila aliyekaa kutunga wimbo wa namna hii.

Jambo hili wazee wa pwani walilijua. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kufungua kazi kwa kuagiza karatasi, wino na kalamu, kabla hata hadithi haijaanza. Msikilizaji alianza kwa kuiona kazi ya mikono, akaingia kwenye kisa akiwa tayari anamwona mtu.

Onyo: usipambe. Ukiandika "nimetembea pwani nikitafakari mawimbi" na kumbe ulikuwa umelala kitandani unaperuzi, orodha imeshakufa. Coco Beach imo kwenye nyimbo za kutosha.

Umefanikiwa ukiwa na vitendo kama ishirini, na angalau vitatu vinakutia aibu kidogo kuvisoma kwa sauti. Vizungushie duara. Wimbo utasimama juu ya hivyo vitatu, vingine ni akiba.

## Hatua ya 3: Mpe mzuka mwili wa mtu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye wimbo. Huwezi kugombana na kitu kisicho na uso. Huwezi kukibembeleza, kukidai wala kukifungia mlango. Kwa hiyo kigeuze mtu, na awe mtu wa kazi fulani hapa mjini, siyo malaika wala kivuli.

Usikimbilie mpenzi aliyeondoka. Ukimwita mzuka "mpenzi", msikilizaji atasikia wimbo wa mapenzi wa kawaida, na hakuna kitakachomwonyesha kwamba ulikuwa na jambo jingine. Mafumbo ya taarabu yanafanya kazi kwa sababu fumbo lina mlango: kuna neno moja au mawili ambayo hayaingii kwenye maana ya juu, na msikilizaji mwerevu anapitia hapo. Wimbo wa mpenzi aliyeondoka hauna mlango wowote.

Jaribu hawa, kisha tafuta wako:

Mpangaji aliyehama usiku akiwa na deni la kodi. Huyu anafaa kama ulikuwa unatunga vizuri, halafu ghafla basi.

Konda anayekuambia nafasi zipo, ukipanda unaning'inia mlangoni. Huyu ni wa yule ambaye mawazo yanakuja mengi lakini hakuna linalokaa.

Fundi cherehani wa "njoo kesho". Huyu namwona bora kuliko wote kwa mtu mkavu, na tutamtumia hadi mwisho. Nani hapa Dar hajawahi kusimama mlangoni kwa fundi siku moja kabla ya Idi? Kitambaa ni chako, pesa ya kianzio umeshatoa, vipimo anavyo, na bado nguo haipo. Ndivyo ilivyo kwa mtunzi: maisha ya kuimba anayo, sauti anayo, kilichobaki ni mshono.

Kipime chaguo lako kwa maswali matatu. Huyu mtu ana kitu changu? Anaweza kunidanganya? Kuna siku ya mwisho inayokuja? Swali la tatu ndilo linaloleta presha kwenye wimbo. Bila siku ya mwisho, kusubiri kunakuwa kukaa tu.

Umefanikiwa ukiweza kuongea na huyo mtu dakika mbili kwenye rekoda, kwa hasira au kwa kubembeleza, bila kutamka neno "wimbo".

## Hatua ya 4: Tunga kiitikio kwanza, kwa kuhesabu

Vesi zinaweza kusubiri. Kiitikio ndicho kinachosema wimbo unahusu nini, na ukianza na vesi utajikuta umemaliza hadithi kabla hujajua unaisimulia kwa nini.

Tumia ubeti wa kawaida wa shairi: mistari minne, kila mstari mizani (silabi) 16, nane na nane. Unaweza kuuvunja baadaye, lakini anza nao, kwa sababu mtu aliyekwama anahitaji ukuta wa kuegemea. Ukiambiwa "andika chochote" utaganda. Ukiambiwa "tafuta neno la mizani nne linaloishia na -ia", akili inaanza kazi.

Kuhesabu ni rahisi: kila irabu ni mizani moja. Ongeza moja pale "m" au "n" inaposimama peke yake, kama mtu (mbili), mkasi (tatu), nchi (mbili). Lakini mbuzi na ndoto ni mbili tu, maana hapo herufi hizo zimeungana na zinazofuata.

Huu ni ubeti wa fundi wetu:

*Fundi uliniambia, nije kesho nitatwaa,*
*Leo hii narudia, mlangoni nimekaa,*
*Cherehani walalia, kitambaa chashangaa,*
*Sikukuu yaingia, nami sina ya kuvaa.*

Sasa angalia kwa nini haukuandikwa "Na leo nimerudia" au "Shughuli inaingia", ingawa yote mawili yana mizani nane kamili na maana nzuri.

Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: kitamBAa, chereHAni, shuGHUli. Ukiimba mizani mbili kwa kila pigo, mapigo yanaangukia mizani ya 1, 3, 5 na 7. Kwenye "Leo hii narudia" pigo linakuta LE, HI na DI, pale hasa ulimi unapokaza. Kwenye "Na leo nimerudia" pigo linaangukia "na", kisha "o", na utajikuta unaimba "leO". "Shughuli inaingia" ingekulazimisha kuimba "SHUghuLI". Ndiyo ile hali ya kusikia mtu mzawa wa Temeke anaimba utadhani lugha kajifunzia ukubwani. Watu hawajui kosa liko wapi, wanasema tu wimbo haukai.

Kwa hiyo kila ukimaliza mstari, upige mezani kwa kidole na uutamke. Pigo na mkazo vikigongana, badilisha neno. Ukilihamisha pigo, kosa litajitokeza mstari unaofuata.

Kuhusu vina: vitenzi vyetu vingi vinaishia na -a, kwa hiyo kina cha -a peke yake hakisikiki. Vuta irabu mbili za mwisho, kama -ia na -aa hapo juu. Na usikubali neno liingie kwa ajili ya kina tu. Kama "shangaa" isingekuwa na kazi, yaani kama kitambaa hakikuwa na sababu ya kushangaa, ningeitoa hata kama vina vingevunjika.

Umefanikiwa ikiwa mtoto wa jirani anaweza kurudia mstari wa nne baada ya kuusikia mara mbili.

## Hatua ya 5: Chagua mwendo kabla ya melodi

Washa metronomu. Bongo Fleva ya mwendo wa wastani ipo karibu na mapigo 90 hadi 110 kwa dakika. Hapo nusu mstari wa mizani nane unajaa sawasawa kwenye mapigo manne, mizani mbili kila pigo, na kinywa kinapumua.

Singeli hupita mapigo 200. Ukiweka mizani mbili kwa kila pigo utalazimika kutamka karibu saba kwa sekunde, na mwenye uwezo huo anajijua. Asiye nao aweke mizani moja kwa pigo, ubeti uleule utaingia bila kuguswa.

Wengi hudhani wimbo wa kukwama lazima uwe wa polepole. Mimi naona singeli inaufaa kuliko chochote. Mtu aliyekwama kichwani mwake hakuna utulivu, kuna mbio, na kumsikia anamfokea fundi kwa kasi ya Manzese kuna kichekesho na uchungu kwa pamoja. Mpenzi wa dansi naye ana njia nzuri: asimulie polepole, kisha sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, iingie pale fundi anapoambiwa "nirudishie kitambaa changu".

Melodi itafute kwa sauti tupu, bila maneno, kwa dakika kumi, rekoda ikiwa imewaka muda wote. Usisimame kusikiliza katikati. Kiitikio kikae juu kidogo ya vesi, lakini pasikupite: kama huwezi kukiimba mara tatu mfululizo ukiwa umekaa, jukwaani kitakuumbua.

## Hatua ya 6: Vesi ziende mbele

Hapa ndipo zile duara tatu za hatua ya 2 zinaingia kazini. Kila vesi ibadilishe saa, mahali, au anayeongea.

Vesi ya kwanza ni mlangoni kwa fundi: ahadi, kianzio, vipimo. Ya pili umerudi nyumbani, usiku, na hapo unamwaga vile vitendo vya aibu. Kufagia mara mbili. Kumjibu uliyeapa kutomjibu. Kwenye maisha ya kweli hivyo ndivyo vinavyofanywa na mtu anayesubiri, awe anasubiri nguo, majibu ya ajira au mstari. Ya tatu waingize wanaokudai wewe: mama mdogo anauliza utavaa nini, rafiki anauliza albamu lini. Ruhusu swali moja tu kama hilo la pili. Ndilo mlango wa fumbo. Ukiweka mawili, umeshalieleza.

Onyo kubwa kuliko yote: usimalize kwa "na sasa nimeupata wimbo, ndio huu mnaousikia". Karibu kila demo inaishia hapo, na inaharibu kila kilichotangulia, kwa sababu inamwambia msikilizaji kwamba hakukuwa na tatizo. Afadhali sikukuu iingie na mtu atoke nje na nguo ya mwaka jana. Au aingie dukani kwa fundi, akae kwenye cherehani mwenyewe, aanze kushona vibaya.

Umefanikiwa ikiwa ukibadilisha mpangilio wa vesi wimbo unavurugika. Kama vesi ya pili na ya tatu zinaweza kubadilishana nafasi bila mtu kujua, bado unazunguka palepale.

## Hatua ya 7: Rekodi demo kwa simu

Zima feni, hata kama jasho linakutoka. Mvumo wake wewe huusikii, rekoda inausikia. Friji nayo ikiwa karibu, ichomoe, na uweke kitu cha kukukumbusha kuirudisha.

Chumba cha bati na ukuta mtupu kinarudisha sauti. Simamisha godoro nyuma yako, au imba ukielekea kabati la nguo likiwa wazi. Shika simu shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipasuke. Izuie isipokee simu.

Panga muda. Adhana ina saa zake, mchomeleaji wa jirani ana zake, na mvua ya masika ikianza juu ya bati weka simu mfukoni, hakuna utakachopata. Mchana wa Jumapili mitaa mingi inatulia.

Chukua mara tatu, usizidi. Faili lipe jina lenye tarehe.

## Hatua ya 8: Mpe mtu asiye msanii

Yule uliyemtafuta mwanzoni. Muuza chipsi, shemeji, jirani mnayechota naye maji. Msanii mwenzako atakuambia kuhusu biti na sauti, na hicho si unachotafuta sasa.

Msikilizishe mara moja, usimweleze chochote, kisha muulize: "Umekumbuka nini?"

Akisema "una sauti nzuri", kazi haijafika. Akisema "wimbo wa fundi, huu", umefika nusu. Akianza kukusimulia mambo yake, kuhusu fundi wake, kuhusu kiwanja alichoahidiwa, kuhusu mtoto anayesubiri matokeo, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Demo iko tayari kwenda studio.

## Hatua ya 9: Kabla ya studio

Andika maneno yote kwenye karatasi safi, weka tarehe, piga picha, jitumie kwenye barua pepe. Hakimiliki inalinda maneno na sauti ulivyovitengeneza, hailindi wazo, kwa hiyo "wimbo wa fundi" uliousimulia maskani si mali ya mtu. Kazi iliyokamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mambo ya usajili wako kama msanii ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Na prodyuza mkubaliane kwa maandishi kabla ya kurekodi: nani katunga maneno, nani melodi, nani biti, na mgawanyo wake. Hata akiwa mshikaji. Hasa akiwa mshikaji.

## Ukikwama njiani

Kiitikio kinapendeza, vesi zimelala. Vitendo vyako ni vya kubuni. Rudi hatua ya 2.

Maneno mazuri, hayakai kwenye biti. Ni mkazo. Piga meza mstari kwa mstari, kwa biti lililozimwa.

Kila mtu anadhani ni wimbo wa mapenzi. Mlango wa fumbo umefungwa. Ongeza neno moja kwenye vesi ya tatu, siyo kwenye kiitikio.

Umefika hatua ya 3 na hakuna mtu anayekubali kuwa mzuka wako. Huenda ulichonacho ni woga, ukavu haupo. Soma tena sentensi yako ya hatua ya 1, kisha mtafute mtu kati ya wale wanaokutazama.